Jitu la Angani Lenye Urefu wa Futi Tatu

Wengi wameiona ile senema ya Kimarekani iitwayo Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, au wamesimuliwa na vijana wao. Mwanzoni kabisa chombo cha angani chapita mbio kikikimbia. Nyuma yake chaja chombo cha vita, kikubwa hata mtu hudhani hakitakwisha kupita.

Sasa sikilizeni. Katika karakana ya mafundi wa senema hiyo, huko Van Nuys, California, yule mkimbizi ndiye aliyekuwa mkubwa! Mfano wake ulikuwa wa futi 6 hivi. Wa chombo cha vita ulikuwa wa futi 3 tu.

Imekuwaje? Funga jicho moja, inua kidole gumba mbele ya jicho la pili: kitafunika ng'ombe mzima aliye ng'ambo ya shamba. Jicho halina kipimo cha futi. Basi mafundi wale waliipitisha kamera karibu sana na mfano. Mfano wenyewe haukwenda popote. Ulisimama juu ya nguzo, kamera ndiyo iliyosafiri juu ya reli. Na mwilini mwake walibandika vipande vidogo vidogo vya plastiki, vilivyotolewa katika vifaru na manowari za kuunganisha ziuzwazo madukani. Mtu akiviona hudhani ni mitambo mikubwa.

George Lucas, mwenye senema, alitaka mfano mkubwa zaidi. Mafundi wakachukua kichombo cha inchi chache, wakakishikiza kwa kibanio cha karatasi mbele ya ule wa futi 3, wakapiga picha ya kujaribu. Likaonekana jitu likifukuza mbu. Neno likaisha. Nami naona walikuwa na haki ya kuhangaika, kwa maana kama watazamaji wangalicheka pale mwanzoni, nani angaliyasadiki yaliyofuata?

Huenda msomaji akauliza: kwa nini basi chombo kimoja kifanyiwe mifano ya vimo mbalimbali? Kitu kidogo kikikaribia mno kamera, upande mmoja huwa wazi na mwingine huwa kama ukungu, na udanganyifu hujulikana mara moja. Mfano mkubwa huvumilia kutazamwa karibu. Lakini ukitaka uonekane uko mbali, kamera yapaswa kurudi nyuma mpaka imefika ukutani. Hapo hutumika mdogo. Katika 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, iliyotengenezwa Uingereza na kutoka mwaka 1968, chombo Discovery kilikuwa na mfano wa futi 54 hivi, mrefu kupita basi la abiria, na mwingine wa futi 15.

Ilipotengenezwa The Empire Strikes Back, iliyotoka mwaka 1980, chombo cha vita kiliundiwa mfano mpya wa futi 8 hivi, wenye taa ndani. Lakini Millennium Falcon, kilichokuwa cha futi 5, kiliundiwa mdogo wake usiotimia futi 3, kwa kuwa yule mkubwa alikuwa mzito mno kugeuzwa-geuzwa.