Njia ya Pori Mupaka Kwenye Nyumba ya Mulinzi wa Moto

Katika inchi ya Marekani, jimbo la Washington, kuko mulima unaoitwa Mount Pilchuck. Uko kaskazini-mashariki ya muji wa Seattle, na urefu wake ni karibu meta 1.620. Kule juu kabisa, kwenye mawe matupu, kuko nyumba ndogo ya mbao yenye madirisha pande zote. Ilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kwa kazi moja tu: mutu akae mule ndani na aangalie kama kuko moshi.

Siku hizi vijana, wazazi na watoto wanapanda kwenda kuiona. Wasomaji wapenzi, tupande pamoja nao. Ile nyumba iko na jambo la kutufundisha sisi watu wa miji ya madini. Hata kule, tangu mwaka wa 1893, reli ilipita chini ya mulima, ikienda kwenye zahabu na feza ya Monte Cristo.

NJIA FUPI, LAKINI USIIZARAU

Kwenda ni kilometa ine na kidogo, na kurudi vilevile. Lakini katika zile kilometa chache unapanda karibu meta 700. Kwanza unatembea katika kivuli cha miti mikubwa sana ya zamani. Chini kuko mizizi, matope, na vijito vinavyokata njia. Kiisha miti inapungua, inakuwa mifupi, mawe yanaanza. Mwisho kabisa unatumia miguu na mikono pia: unashika mawe makubwa, kiisha unapanda ngazi mupaka mulangoni.

Siku ya hewa safi, unaona Mount Baker upande wa kaskazini na Mount Rainier upande wa kusini, yote miwili imevaa teluji. Upande wa magharibi unaona bahari na visiwa vyake. Sasa unafahamu sababu gani walichagua ile fasi!

Lakini mulima hauna muchezo. Ukungu unaweza kuficha njia kwa dakika chache, na teluji inakawia kuyeyuka. Wengine wamepotea pale, wengine wameanguka na kufa. Kwa hiyo wenye akili wanabeba maji, nguo ya baridi na tochi, na wanaambia watu wa nyumbani saa watakayorudi. Wakiona mawingu yanafunika kichwa cha mulima, wanarudi. Mulima hautakimbia, watapanda siku ingine.

SABABU GANI WALIWEKA WALINZI?

Tarehe 20 na 21 ya mwezi wa 8, mwaka wa 1910, upepo mukali ulivuma katika pori za Idaho na Montana. Kulikuwa mioto mingi midogo iliyokuwa ikiwaka kila mahali. Upepo uliiunganisha. Katika siku mbili tu, karibu hektari 1.200.000 ziliungua. Watu zaidi ya 80 walikufa, na wengi wao walikuwa wafanyakazi waliotumwa kuzima moto.

Karibu na Wallace, muji wa madini ya feza, mulinzi wa pori Edward Pulaski alikuwa na watu karibu 45. Moto uliwazunguka. Yeye alijua shimo la zamani la madini, akawaingiza wote ndani, akawaambia walale kifudifudi. Alitundika blanketi zenye maji mulangoni. Mumoja alipotaka kukimbia inje, Pulaski alishika bastola na kusema kama yule atakayetoka atapigwa risasi. Wachimbaji wanaosoma habari hii wanajua vizuri: shimo si fasi ya kukimbilia moshi. Lakini ile siku hakukuwa njia ingine. Wachache walikufa mule kwa moshi, lakini wengi walitoka wazima. Hata leo, kifaa chenye shoka upande mumoja na jembe upande wa pili kinaitwa pulaski, na wazima-moto wanakitumia.

Wakubwa wa idara ya pori walijifunza jambo moja. Moto wa 1910 haukuanza mukubwa. Ulianza kama moshi hapa na moshi pale. Basi wakajenga nyumba za walinzi juu ya milima, maelfu kwa maelfu, kusudi moshi uonekane mapema.

MULINZI ALIFANYA NAMNA GANI?

Katikati ya nyumba kulikuwa meza na chombo cha muviringo kilichotengenezwa na William Osborne. Juu yake kuko karata ya inchi. Mulinzi akiona moshi, anazungusha chombo, anaulenga sawa vile mutu anavyolenga na bunduki, kiisha anasoma namba ya upande. Lakini namba moja inaonyesha upande tu, haionyeshi umbali. Anapiga simu. Mulinzi wa mulima mwingine naye anatoa namba yake. Fasi ile mistari miwili inakutana kwenye karata, moto uko pale. Vijana wanaosema kama hesabu za shule hazina faida, waangalie hapa!

Na radi ikianza? Mulinzi alipanda juu ya kiti kidogo chenye miguu ya kioo, kusudi umeme usimupige. Wanamuke nao walifanya kazi ile. Hallie Daggett alianza mwaka wa 1913 kule California, na akairudilia miaka mingi.

Kwenye Mount Pilchuck, ulinzi ulisimama katika miaka ya 1950. Ndege, na kiisha kamera, zilichukua kazi, hata kama milima mingine ingali na walinzi. Nyumba ilianza kuoza. Lakini watu wa kujitolea wa kikundi The Mountaineers waliitengeneza upya, na leo habari zake zimebandikwa kwenye ukuta ndani.

NA KWETU?

Si kila moto wa pori ni adui. Kule Ndola, katika Zambia, ngambo ya mupaka wetu, wataalamu walianza kupima jambo hilo mwaka wa 1933. Walichoma sehemu moja mwanzoni mwa kiangazi, na sehemu ingine mwishoni. Moto wa mwisho, wakati majani ni makavu kabisa, uliharibu miti sana. Moto wa mapema uliiharibu kidogo tu.

Sasa tuangalie kwetu. Ni mwezi wa 9, jua kali, upepo. Mumoja anachoma nyasi kusudi akamate panya, mwingine anaacha tanuru ya makala bila mutu. Jioni, shamba la jirani ni majivu.

Safisha nyasi kuzunguka nyumba na shamba mapema. Usichome wakati wa upepo. Usiache moto peke yake, hata kama ni mudogo. Na mutoto akikimbia kukuambia, "Baba, kuko moshi kule," usimufukuze. Simama, uende kuangalia.