Kulinganisha Matumizi ya Dawa za Maradhi ya Akili

Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, inapakana na Nakonde ya Zambia. Je, mtaalamu akitaka kujua ni nchi ipi kati ya hizo mbili ambayo wagonjwa wake wa nje hutumia zaidi klorpromazini, dawa ya maradhi ya akili, ahesabu vidonge? La, vidonge 12 vya miligramu 25 ni sawa na vidonge 3 vya miligramu 100.

Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani limeweka kizio kimoja kwa kila dawa: wastani wa kiasi cha kumtibu mtu mzima kwa siku. Kizio cha klorpromazini ya kumeza ni miligramu 300. Kiasi chote kilichotolewa hugawanywa kwa kizio hicho, kisha kwa idadi ya siku na ya wakazi. Jibu huzidishwa kwa 1,000. Kizio hiki ni cha hesabu tu, si agizo la daktari.

Hata hivyo, jibu dogo si ushahidi wa afya njema. Huenda dawa haikufika zahanati, au mgonjwa alificha maradhi kwa kuona haya, au alinunua dawa ng'ambo ya mpaka, ikahesabiwa huko. Nchi inayofurahia jibu dogo bila kuchunguza sababu zake yaweza kuwasahau wagonjwa wasiotibiwa.