Kiungulia na Nyakati za Kula kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu

Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu, hususan wanaoishi dahalia, hulalamikia moto wa kifua nyakati za usiku, na aghalabu hujitangazia wenyewe kuwa wana vidonda vya tumbo. Hununua dawa dukani bila ya kupimwa. Inafaa maradhi haya mawili yatenganishwe.

Baina ya umio na tumbo pana msuli wa duara unaofunguka chakula kipitapo, kisha ukafumba. Tumbo limeumbwa kuhimili tindikali yake; umio haukuumbwa hivyo. Msuli huo ukilegea, au tumbo likijaa kupita kiasi, tindikali hupanda na kuunguza. Hicho ndicho kiungulia. Vidonda vya tumbo aghalabu hutokana na vijidudu viitwavyo Helicobacter pylori, vilivyogunduliwa na madaktari Barry Marshall na Robin Warren huko Australia mwaka 1982, au na matumizi ya dawa za maumivu kama vile aspirini na diklofenaki.

Lawama zote hubebeshwa pilipili. Ni kweli kwamba urojo wenye ndimu na pilipili humchoma ambaye umio wake umekwisha kuungua, lakini kosa kubwa zaidi ni saa na kiasi. Mwanafunzi hunywa chai kavu asubuhi, mchana hali kitu kwa sababu ya vipindi, na saa tatu za usiku hula sahani kubwa ya chipsi na mishkaki pamoja na soda. Mafuta hukichelewesha chakula tumboni na kuulegeza msuli ule. Gesi ya soda hulitanua tumbo. Kisha hujilaza kitandani na daftari lake, na tindikali hupata njia. Katika mwezi wa Ramadhani hali ni hiyo hiyo kwa mwenye kula daku na kurejea kulala papo hapo.

Chakula cha usiku kiwe kidogo, na kiliwe saa mbili au tatu kabla ya kulala. Miguu ya kitanda ya upande wa kichwa iinuliwe kwa vipande vya mbao, sentimita 15 hadi 20. Kurundika mito hakufai, kwani hulikunja na kulibana tumbo. Kwa vitanda vya ghorofa vya dahalia jambo hilo si jepesi, na hapo kulalia ubavu wa kushoto husaidia. Mvutaji sigara aache.

Anayepatwa na kiungulia zaidi ya mara mbili kwa wiki amwone daktari. Mwenye kutapika damu, kupata choo cheusi kama lami, kukwamwa na chakula au kukonda bila ya sababu aende hospitali bila ya kuchelewa. Maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au tayani, pamoja na jasho au pumzi kukatika, yasidhaniwe kuwa kiungulia: huenda yakawa ya moyo, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa kuamkia mtihani.