Hariri Katika Njia ya Wapagazi

Unyamwezini nguo ilikuwa mali kabla ya kuwa vazi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilinunua chakula na kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo za merikani na kaniki, mpagazi akijitwika frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mtemi alistahili zaidi: alipelekewa debwani ya Maskati, iliyofumwa kwa hariri na pamba. Waarabu wa Tabora nao walikuwa na majoho yaliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu.

Basi Mapadre Weupe walipofika mwaka 1878, walikuta watu wanaojua kumsoma mtu cheo katika nguo yake. Lavigerie, mwanzilishi wao, aliwavika kanzu nyeupe, burnusi na rozari shingoni, kwa mfano wa wenyeji wa Algeria. Kanzu hiyo ilikuwa ya safari na kazi. Altareni ilivaliwa kasula, vazi la juu la padre wakati wa misa, na sheria za Kanisa enzi hizo zilitaka iwe ya hariri, si ya pamba. Hata sadaka za kutegemeza misioni zilianzia penye hariri: Pauline Jaricot, binti wa mfanyabiashara wa hariri mjini Lyon, alikusanya senti za wafanyakazi, na mwaka 1822 likazaliwa Shirika la Uenezaji Imani.

Tarizi kubwa ya kasula ilikaa mgongoni, kwa kuwa padre aliadhimisha misa akielekea altare na waumini wakamwona mgongo. Uzi wa dhahabu haukuchomwa ndani ya kitambaa kama uzi wa kawaida. Ulilazwa juu yake, ukafungwa kwa mishono midogo ya hariri. Kazi hiyo hula miezi, na kwangu mimi ni sala iliyofanywa kwa sindano. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962–65 padre aligeukia watu, na mapambo yakahamia kifuani. Siku hizi, padre mpya akivikwa kasula kwenye upadirisho, vigelegele hupasua kanisa.

Vazi lililobarikiwa likichakaa, desturi ni kulichoma au kulizika. Nawasihi maparoko wa parokia kongwe kama Ushirombo na Ndala: wakikuta kasula ya zamani sakristiani, wasiharakie kiberiti. Ilazwe juu ya shuka safi la pamba, isikunjwe penye tarizi, iwe mbali na mchwa, kisha aitwe fundi aitazame mishono ile kabla haijafumuka.