Ghala za Nafaka Katika Jangwa la Misri

Watu wengi wakisikia habari za Misri ya kale hukumbuka wafalme, makaburi yao na dhahabu iliyozikwa pamoja nao. Mwaka 1922, kaburi la mfalme Tutankhamun lilipogunduliwa, habari zake zilienea dunia nzima. Lakini zamani sana, kabla ya kuwako mfalme yeyote wa Misri, walikuwako watu waliopanda ngano na shayiri, na bila nafaka hiyo wafalme wasingaliweza kulisha majeshi wala mafundi wao. Mengi katika habari za wakulima hao yalifunuliwa na mwanamke mmoja Mwingereza, Bibi Gertrude Caton-Thompson, ambaye hakutafuta dhahabu hata kidogo.

Bibi huyo alizaliwa London mwaka 1888. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi katika ofisi ya serikali iliyosimamia mambo ya meli. Mwaka 1921, akiwa mtu mzima wa miaka 33, alianza kujifunza elimu ya mambo ya kale kwa Profesa Flinders Petrie, mtaalamu aliyekuwa mashuhuri kwa kuonyesha kwamba vigae vya vyungu vyaweza kutumika kupanga habari za zamani kwa utaratibu.

Kusoma Matabaka ya Udongo

Elimu hii ina kanuni moja iliyo nyepesi kufahamika. Takataka za nyumbani zikitupwa mahali pamoja mwaka hata mwaka, za zamani hukaa chini na za karibuni hukaa juu. Kwa hiyo mtu akichimba kwa haraka na kuchanganya vitu vyote, huwa amepoteza habari ambayo haiwezi kupatikana tena.

Mwaka 1924, mahali paitwapo Hemamieh katika bonde la mto Nile, Bibi Caton-Thompson alichimbua kijiji cha kale kwa kuondoa udongo inchi sita tu kwa mara moja, na kuandika kila kitu kilitoka kina gani. Kwa njia hiyo alithibitisha kwamba vyungu vya watu waitwao Wabadari vilikuwa chini ya vyungu vya wengine, na kwa hiyo watu hao walitangulia. Wakati huo wachimbaji wengi walishughulika na makaburi tu. Wachache ndio waliojali uchafu wa kijiji.

Mashimo ya Ngano

Kazi yake iliyo kubwa zaidi katika Misri ilifanyika Fayum, kati ya mwaka 1924 na 1928. Fayum ni bonde kubwa lililo kusini-magharibi ya Kairo, nalo lina ziwa. Zamani ziwa hilo lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, na fuko zake za kale zaonekana bado jangwani, mbali na maji. Bibi Caton-Thompson alifanya kazi pamoja na Bibi Elinor Gardner, mtaalamu wa miamba na udongo. Mmoja alichunguza vitu vya watu, na mwenziwe alipima fuko za ziwa.

Katika kilima kimoja cha jangwa walikuta mashimo zaidi ya 150 yaliyochimbwa kwa ajili ya kuweka nafaka. Mengi yalikuwa yametandikwa ndani kwa mabua yaliyosukwa na kuzungushwa kama kapu. Mtu aliyezoea kuona kihenge cha mahindi angetambua mara moja kazi yake. Kwa sababu ya ukavu wa nchi hiyo, katika baadhi ya mashimo ngano na shayiri zilikuwa zingalimo. Ulipatikana pia mundu mzima, mti wake umetobolewa mfuo na meno ya jiwe la gumegume yamepachikwa ndani yake.

Karibu na hapo, palipokuwa makao ya watu wale, paligunduliwa meko mengi, vyungu, na mifupa ya samaki, ya wanyama wa porini, na ya mifugo. Basi watu wale hawakuacha uvuvi na uwindaji siku moja wakageuka wakulima. Walianza kulima huku wakiendelea kuvua, kama mtu anayejaribu mbegu mpya katika sehemu ya shamba lake. Mbegu zenyewe, pamoja na kondoo na mbuzi, asili yao ni Asia ya Magharibi.

Baada ya mwaka 1945 mtaalamu wa Kimarekani, Willard Libby, alibuni njia ya kupima umri wa vitu vilivyokuwa na uhai kwa kutumia kaboni iliyomo ndani yake. Nafaka ya Fayum ilikuwa miongoni mwa vitu vya mwanzo kupimwa, ikaonekana ina umri wa zaidi ya miaka 6,000. Wafalme wa kwanza wa Misri yote walitawala miaka elfu moja na zaidi baada ya mashimo yale kuchimbwa.

Si kila jambo alilolisema lilisimama. Alidhani kwamba ziwa lilipungua tu bila kujaa tena, na kwa hiyo wavuvi waliokaa katika fuko za chini walikuja baada ya wakulima. Wachunguzi wa miaka ya 1960 na baadaye walionyesha kwamba ziwa lilijaa na kupungua mara nyingi, na kwamba wavuvi hao ndio waliotangulia. Lakini kwa kuwa alikuwa ameandika kwa uangalifu mahali pa kila kitu, waliomfuata waliweza kuitumia kazi yake hata walipoisahihisha.

Mwaka 1929 aliitwa kuchunguza magofu ya Zimbabwe Kuu, ambayo Wazungu wengi walishikilia kwamba yalijengwa na wageni wa kale. Kwa njia ile ile, akitazama vigae na shanga zilizofunikwa chini ya sakafu, alitoa hukumu kwamba yalijengwa na Waafrika. Wengi walikasirika, lakini wataalamu waliofuata walithibitisha maneno yake.

Bibi Caton-Thompson alikufa mwaka 1985, mwenye miaka 97. Kazi yake ina fundisho hata kwa mtu asiye mtaalamu. Mtu achimbapo msingi wa nyumba au kisima, akakuta vigae vingi, mawe yaliyochongwa au mifupa ya kale, asivitoe wala kuvigawa. Ni vema aviache palepale vilipo, na apeleke habari upesi kwa wenye kusimamia makumbusho ya taifa. Kigae kilichokwisha kuondolewa mahali pake hakiwezi tena kueleza kilitangulia nini wala kilifuata nini.