Tufundishe Nini Juu ya Dini za Majirani?

Vikundi vya kujisaidia vinatuuliza: tukitaka wanachama wetu wajifunze juu ya dini mbalimbali, tuanzie wapi? Swali hili si la shule tu. Kule Kakuma, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, Waturkana ni majirani wa Wasudani Kusini, Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi. Watu wanauziana mbuzi na kuni kila siku, lakini hawajui jirani anakataa nini na kwa sababu gani.

Kwanza tukiri kosa letu. Mara ya kwanza tulipanga masomo kama vitabu vinavyopanga: mwanzilishi wa dini, mwaka aliozaliwa, kitabu chake. Wazee walisinzia. Na shuleni hapa Kenya somo la dini limegawanywa, la Kikristo, la Kiislamu na la Kihindu. Mtoto anasoma moja, hizo nyingine anazisikia sokoni.

Kilichotuamsha ni kikundi kimoja cha akina mama. Walikuwa wakiweka akiba na kukopeshana. Aliyechukua shilingi 1,000 alirudisha 1,100. Wanachama wawili Waislamu waliacha kukopa, halafu wakaacha kuja. Wenzao wakasema ati wana maringo. Kumbe ile mia moja ya juu kwao ni riba, na riba ni haramu kuitoa na kuipokea. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyeeleza, na kikundi kilikaribia kuvunjika.

Basi tukageuza mpango. Somo la kwanza likawa mali. Mwislamu anaeleza riba, kisha zaka: fedha iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima hutolewa asilimia 2.5, na mwenye mbuzi 40 hadi 120 anatoa mmoja. Mkristo anaeleza fungu la kumi. Mturkana anaeleza ni nani mwenye haki ya kumwomba mnyama, na kwa nini hawezi kumnyima hivi hivi. Hapo hakuna anayesinzia! Wafugaji wanapiga hesabu ya mbuzi upesi kuliko sisi, tena wanabishana. Siku hiyo hiyo tafuteni dawa ya mikopo. Njia moja ni kikundi kununua bidhaa, iwe mali yake kweli, kisha kumwuzia mwanachama kwa bei iliyokubaliwa, alipe kidogo kidogo, na bei isipande akichelewa. Mwulizeni sheikh wenu kabla ya kuanza. Wale akina mama walifanya hivyo. Mmoja amerudi, wa pili bado.

Somo la pili ni chakula. Mwislamu hali nyama ya mnyama ambaye hakuchinjwa kwa kukatwa koo na kutajwa jina la Mungu. Katika sadaka za Kiturkana dume hupigwa mkuki, na wanaume huketi nusu duara, yaani akiriket, kila mmoja mahali pa rika lake. Kwa hiyo Mwislamu akikataa nyama ile hajamdharau mtu. Waorthodoksi wa Ethiopia nao Jumatano na Ijumaa wanafunga nyama, maziwa na mayai, na kabla ya Pasaka wanafunga siku 55. Pangeni sherehe ya kikundi Ijumaa, mpike mbuzi, mtaona wenyewe ni nani anabaki na chai ya rangi.

Ndipo sasa mje kwa Mungu mwenyewe. Waturkana wanamwita Akuj, naye ni wa mbinguni na wa mvua. Wadinka wanasema Nhialic, jina linalotokana na neno lao la juu. Wanuer wanasema Kuoth. Watu wanafurahi sana hapa, lakini msikimbilie kusema yote ni mamoja. Mwislamu hakubali Utatu, na Mkristo hakubali kwamba Yesu ni nabii tu. Tofauti zisemwe wazi, bila kelele. Mwalimu anayepata kitabu cha John Mbiti cha mwaka 1969 juu ya dini za Kiafrika na falsafa kitamsaidia.

Jambo lililotugawanya ni emuron. Makatekista wengine walitaka asiitwe, wakihofia ataonekana sawa na padri. Tulibishana jioni nzima. Mwishowe tukakubaliana aje, maana dini ya wazee haiwezi kuelezwa vizuri na walioiacha. Kanuni ikawa hiyo kwa wote: kila dini isemwe na mwenyewe. Na asiwepo wa kuvuta watu. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema hakuna dini ya serikali, na cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu. Anayetaka kuhubiri ana Ijumaa yake au Jumapili yake.

Alasiri sita zinatosha, kuanzia saa kumi jua likipungua. Epukeni mwezi wa Ramadhani, na kwa Kakuma epukeni siku za mgao. Tafuteni mapema mkalimani wa Kisomali na wa Kiarabu, si mtoto wa shule aliyeokotwa mlangoni. Mazishi na ndoa za mchanganyiko ziwe mwisho, watu wakishazoeana. Kikundi kimoja kilianza na ndoa. Somo la pili tulibaki sisi na mwenye funguo za ukumbi.