Mahindi Yakigeuka Rangi, Usinyamaze

Mkulima, je, umepata kuona mahindi yenye majani machanga yaliyoingia mistari ya manjano, kisha yakakauka kuanzia kingo? Je, umemenya gunzi ambalo maganda yake yamekauka mapema, ukakuta punje chache zilizosinyaa?

Mambo hayo yaliwapata wakulima wa Longisa katika Bomet mwezi wa Septemba, 2011. Habari ziliwafikia wataalamu, na vipimo vikaonyesha kwamba virusi viwili vilikuwa vimeingia katika mmea mmoja. Kila kimoja peke yake hudhuru. Vikikutana, huua mahindi. Huchukuliwa na wadudu wadogo, kama vidukari, na huweza pia kusafiri katika mbegu. Kufikia mwaka 2012 ugonjwa ulikuwa umeonekana Uganda na Tanzania. Virusi havijui mpaka wa nchi, wala mpaka wa shamba lako.

Utafiti ulifanywaje?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwaka 2013 shamba la majaribio lilifunguliwa Naivasha, katika kituo cha utafiti cha Serikali, kwa ushirikiano na CIMMYT, shirika la utafiti wa mahindi na ngano lenye makao yake Mexico. Huko mahindi kutoka nchi nyingi huambukizwa ugonjwa kwa makusudi. Yanayodhoofika huachwa, yanayovumilia huchaguliwa ili kuzaa mbegu mpya. Mwaka huo huo sheria iliunganisha vituo vya utafiti wa mimea, mifugo, kahawa, chai na sukari chini ya shirika moja, KALRO, ili wataalamu wasifanye kazi kila mmoja pembeni mwake.

Ushirikiano huu si jambo geni. Mbegu ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi ya Ecuador, ng'ambo ya bahari.

Kazi yako ni ipi?

Mtaalamu wa Naivasha hawezi kuona shamba lako. Wewe ndiwe jicho lake. Basi fanya hivi:

1. Tembea katika mahindi yako kila juma. Ukiona dalili, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba siku hiyo hiyo.

2. Ng'oa mimea yenye ugonjwa mapema, uiondoe shambani.

3. Nunua mbegu iliyothibitishwa, yenye kibandiko cha KEPHIS. Usipande punje zilizotoka katika shamba lenye ugonjwa.

4. Usipande mahindi juu ya mahindi. Panda maharagwe, viazi au mboga kwa walau misimu miwili.

5. Usile punje zilizooza, wala usiwape mifugo.

Jambo la nne ni gumu, kwa maana mahindi ndiyo chakula cha nyumbani na ndiyo karo ya watoto. Lakini fikiri: ukipumzisha shamba lako peke yako, na jirani ana mahindi mabichi mwaka mzima, wadudu watavuka ua na kurudi kwako. Kwa hiyo kaeni pamoja katika skimu yenu, mkubaliane ni lini mtapanda na ni lini mtapumzika.

Mkulima anayeficha ugonjwa kwa kuona haya huwapa jirani zake hasara. Anayesema mapema huokoa mavuno ya wengi, na yake pia.